Firigisi Mpe Baba, Nyama Iliyobaki Tugawane

SEHEMU YA 1

Mama, leo nimekuja na mapishi, ila ni mapishi yenye ugomvi ndani yake. Vumilia mpaka mwisho.

Nianze na neno litakalowaudhi baadhi yenu. Katika nyumba zetu nyingi kuku ananunuliwa kwa jina la familia, anapikwa kwa jina la familia, halafu analiwa na wakubwa. Watoto wanapewa mchuzi.

Mnajua utaratibu ulivyo. Firigisi ya baba. Paja la baba, lingine la mgeni. Kidari cha babu au cha shemeji aliyekuja jana. Mama anabaki na shingo na mgongo, tena baada ya kila mtu kushiba. Na yule mdogo wa mwaka mmoja na nusu anawekewa tambi au wali kwenye kisahani, anamwagiwa mchuzi juu, tunasema "leo mtoto kala kuku".

Hajala kuku jamani. Kala maji yaliyopita kwenye kuku.

Mimi ni nesi. Kazi yangu ya kila siku ni mizani, kadi na mstari wa ukuaji. Ndiyo maana chakula ninachotaka kuwafundisha nimekichagua makusudi: makaroni ya kuku ya kuoka, yenye vitunguu vilivyoiva polepole mpaka vikawa vya kahawia na vitamu. Ni chakula laini, cha moto, cha kufariji mtu siku ya mvua au siku ya uchovu. Lakini sababu yangu kubwa si utamu. Sababu yangu ni kwamba ndani ya sufuria hii hakuna paja wala shingo. Nyama imechambuliwa, imechanganywa, na kila kijiko kina kuku.

SEHEMU YA 2

Kabla hujaniambia "nesi unaingilia ndoa za watu", tutazame hali yetu.

Utafiti wa afya wa Tanzania wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wetu wa chini ya miaka 5 wamedumaa. Yaani katika kila watoto 10 unaowaona wanacheza uani, 3 ni wafupi kuliko umri wao kwa sababu mwili haukupata ulichohitaji. Na kudumaa hakuishii kwenye urefu. Kunagusa akili, darasani na hata kazini baadaye.

Sasa sikiliza hili. Mikoa iliyoongoza kwa udumavu ni Iringa, Njombe na Rukwa. Mahindi yako huko. Viazi viko huko. Maharage yako huko. Iringa zaidi ya nusu ya watoto walikutwa wamedumaa. Kwa hiyo mtu asiniambie tatizo ni njaa tu. Sababu ziko nyingi: maji machafu, kuharisha kwa mara kwa mara, mimba zilizokaribiana, mama aliye shambani kutwa. Lakini moja wapo ni kwamba mtoto anajazwa tumbo kwa wanga mtupu, na vile vya kujenga mwili vinapita juu ya kichwa chake kuelekea sahani nyingine.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, linasema mtoto wa miezi 6 hadi 23 apate kila siku chakula kitokanacho na wanyama: nyama, samaki au yai. Limesema kila siku, wala si sikukuu kwa sikukuu. Wala halikusema mchuzi.

Najua kuku kila siku hawezekani kwa wengi wetu. Kesho dagaa, keshokutwa yai, sawa kabisa. Ninachosema ni hiki: siku kuku akiwepo, mtoto asiwe mtazamaji.

SEHEMU YA 3

Najua majibu yenu. Nayasikia kila wiki.

"Mtoto hawezi kutafuna." Kweli, paja zima hawezi. Magego ya kwanza huota kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu hivi, na mpaka yaote, finyango la nyama ni hatari ya kukaba koo. Lakini jibu la kutoweza kutafuna ni kuchambua nyama, siyo kumnyima. Kuku akichemshwa akaiva, unamchambua kwa vidole nyuzi nyuzi, unazikata fupi. Mtoto wa miezi 8 unamsagia kabisa. Vidole vinafanya kazi hiyo kwa dakika 10.

"Mtoto anapenda tambi za sukari tu." Mama, hakuna mtoto aliyezaliwa anajua tambi za sukari. Alizoeshwa. Tambi za nazi, iliki na sukari ni chakula chetu cha Idi na cha futari, sina ugomvi nazo siku yake ikifika. Ugomvi wangu ni zikiwa mlo wa mchana Jumatatu mpaka Ijumaa kwa mtoto anayejenga mifupa.

"Mapishi ya kuoka ni ya kizungu, ya wenye oveni." Ngoja tufike sehemu ya 6, utaona kama bibi yako hakuwa anaoka. Na makaroni yenyewe mbona yako kwenye kila duka la mtaani? Majirani zetu Wasomali wanakula baasto tangu enzi za Waitalia, na hakuna anayewaambia wanajifanya wazungu.

"Baba atasema nini?" Huyo nina maneno naye sehemu ya mwisho.

SEHEMU YA 4

Sasa twende jikoni. Kwa watu 8, wakubwa na wadogo:

Kuku 1 wa kilo 1 na robo hivi. Makaroni nusu kilo. Vitunguu maji kilo 1 (ndiyo, kilo nzima). Maziwa nusu lita. Unga wa ngano vijiko 5 vya chakula. Mafuta au siagi vijiko 8 kwa jumla. Karoti 2 za kukwangua. Vitunguu swaumu punje 4, tangawizi kipande, pilipili manga, na kungumanga kidogo ukiwa nayo. Vipande 3 vya mkate wa jana. Jibini ukiweza, usipoweza usilie.

Anza na kuku. Mchemshe na tangawizi na swaumu, maji yamfunike tu. Usitie chumvi bado. Kuku wa kisasa dakika 40 zinamtosha, wa kienyeji mpe saa moja na nusu au zaidi. Mchome kwenye nyonga karibu na mfupa: majimaji yakitoka meupe, kaiva, yakiwa na wekundu, mrudishe. Ubao na kisu ulivyokatia kuku mbichi vioshe kwa sabuni kabla hujagusa kitu kingine, maana vijidudu vya kuharisha vinahama hapo hapo.

Supu chuja, weka pembeni. Hiyo ni mali, tutaitumia. Kuku akipoa kidogo, chambua. Toa mifupa yote, na rudia kupekua kwa vidole mara ya pili, hasa vile vijifupa vyembamba vya mbavu na shingo. Kazi hii usimwachie mtoto wa darasa la tatu.

Sasa vitunguu. Hapa ndipo watu wengi wanaharibu.

Kata vyembamba. Weka mafuta vijiko 4 kwenye sufuria pana, tia vitunguu, funika dakika 10 vilegee, kisha funua. Moto uwe mdogo. Narudia, mdogo. Utakoroga kila baada ya dakika chache kwa dakika 40 mpaka 50. Vikianza kushika chini, nyunyiza vijiko 2 vya maji, kwangua ule ukahawia, endelea. Mwisho kilo nzima itakuwa kikombe kimoja kilichojaa, rangi ya asali, laini kama jamu.

Mwanamke wa Pwani atasema "mbona ndo vitunguu vya pilau?" Vinakaribiana, lakini sivyo. Vya biriani unavikaanga kwenye mafuta mengi mpaka viwe vikavu na vya kuvunjika. Hivi vinaiva kwa jasho lao wenyewe. Kitunguu kina sukari ndani yake, ila kina maji mengi sana, karibu tisa ya kumi ya uzito wake. Maji yakitoka taratibu, ile sukari inabaki, inabadilika rangi na ladha. Ukiwasha moto mkali, nje kinaungua na ndani hakijaiva, unapata uchungu badala ya utamu.

Na mkaa je? Usiongeze mkaa. Vitunguu hivi vinapikwa kwa makaa yanayofifia baada ya kuchemsha kuku. Moto ule ule ambao huwa tunaumwagia maji au kuuacha ufe bure, ndio vitunguu hivi vinautaka.

SEHEMU YA 5

Kwa nini nimeng'ang'ania dakika 45 za vitunguu wakati kuna kidonge cha mchuzi kinachofanya kazi kwa sekunde 5?

Chukua pakiti ya kile kidonge, isome nyuma. Kiungo kinachotajwa kwanza ndicho kilichomo kwa wingi kuliko vyote. Mara nyingi sana ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kidogo cha chai, na hapo chakula cha siku nzima kimehesabiwa, mkate umo, karanga za barabarani zimo. Mtoto anatakiwa kupata pungufu ya hapo. Sasa wewe unatia vidonge 2 kwenye sufuria, unaongeza chumvi ya mkono, halafu mezani kuna kopo lingine la chumvi.

Mama mjamzito anakuja kliniki na presha, anaambiwa apunguze chumvi, anajibu kwa moyo mweupe: "Nesi, mimi chumvi natia kidogo tu." Na anasema kweli. Nyingine inaingia kwa jina la kiungo.

Silaumu mama. Namlaumu anayemuuzia mama ladha ya kuku iliyotengenezwa kwa chumvi, kwa tangazo lenye familia inacheka mezani. Mtoto akizoea ulimi wa kidonge, chakula cha kawaida anakiona hakina ladha. Hapo ndipo mama anasema "mtoto wangu hali".

Vitunguu vya kahawia na ile supu uliyoihifadhi vinatoa ladha nzito, tamu, ya kujaza mdomo. Ukishazoea hivyo, kidonge utakionja tena uone kilivyo chumvi tupu.

SEHEMU YA 6

Tuunganishe.

Chemsha makaroni, yatoe dakika 2 kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, maana yataendelea kuiva kwenye kuoka. Yakiiva sana sasa hivi, mwisho utapata uji.

Mchuzi mweupe: weka mafuta au siagi vijiko 4 kwenye sufuria, tia unga vijiko 5, koroga dakika moja au mbili mpaka unukie kama chapati. Mimina supu nusu lita kidogo kidogo huku unakoroga, kisha maziwa nusu lita. Ukimwaga yote kwa pamoja utapata madonge. Acha uchemke mpaka ushike mwiko. Tia pilipili manga na kungumanga.

Sasa changanya: makaroni, kuku uliyemchambua, karoti, mchuzi mweupe, na robo tatu ya vitunguu. Ukiwa na mchicha uliochemshwa na kukamuliwa, utie pia.

HAPA SIMAMA. Chota sehemu ya mtoto wa chini ya mwaka mmoja kwanza, kabla ya chumvi. Ongeza supu kwenye sehemu yake, ichemshe kidogo makaroni yalainike vizuri, ponda. Yeye haoki, anakula hapo hapo. Baada ya hapo ndipo unatia chumvi, kijiko kimoja kidogo cha chai kwa sufuria nzima ya watu 8.

Mimina kwenye chombo cha kuokea, tandaza vitunguu vilivyobaki juu, nyunyiza mkate uliovunjwavunjwa, na jibini kama ipo. Mwenye oveni: nyuzi 180, dakika 25 mpaka 30, juu pakiwa rangi ya dhahabu.

Asiye na oveni: bibi zetu walioka mkate wa kumimina kwa kupalia, yaani makaa chini na makaa juu. Chukua sufuria nzito, ipake mafuta, weka chakula chako, funika kwa mfuniko bapa au sinia la bati. Makaa machache chini, mengi juu. Dakika 25 funua utazame. Juu patakuwa pamekauka na kunukia, chini hapajaungua. Watu wameoka hivyo Pwani hii kabla umeme haujafika mtaani kwao, kwa hiyo usikubali kuambiwa kuoka si kwetu.

Onyo la nesi: jiko la mkaa likae nje au barazani penye hewa. Usiliingize ndani ya chumba cha kulala, hata iwe mvua, hata liwe limebaki makaa mawili. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, na inaua watu waliolala.

Kilichobaki kisilale mezani. Ndani ya saa 2 kiwe kwenye friji, na ukipasha, pasha mpaka kitoe moshi. Usipokuwa na friji, pika kiasi cha kuisha.

SEHEMU YA 7

Tupige hesabu kidogo, maana hesabu haina mama mkwe.

Kuku wa kilo 1 na robo, ukitoa mifupa na ngozi na maji yaliyotoka, anakupa nyama iliyoiva karibu nusu ya uzito wake. Tuseme gramu 560. Gawanya kwa watu 8: gramu 70 kila mtu. Mtoto wa miaka 2 hatamaliza 70, atakula 30 au 40, kwa hiyo wakubwa wanaongezewa. Hakuna aliyepunjwa.

Sasa kuku yule yule kwa mgawo wa zamani: watu watatu wanachukua mapaja na kidari, ambavyo ndivyo vyenye nyama nyingi, na watano wanagawana mabawa, mgongo, shingo na mchuzi. Kuku ni mmoja, pesa ni ile ile. Kilichobadilika ni mkono unaogawa.

Na maini? Maini ya kuku ni madogo lakini yana madini ya chuma kwa wingi, na damu ya mtoto inahitaji chuma kweli kweli. Yachemshe yaive, ponda, mpe mdogo. (Mjamzito aulize kliniki kwanza kuhusu maini, maana vitamini A ikizidi si nzuri kwa mimba.) Sigusi firigisi. Firigisi mpe baba, mila iheshimiwe. Lakini maini ni ya mtoto.

Halafu kuna wewe, mama. Wewe unayenyonyesha, unayeamka mara 3 usiku, unayekula umesimama, ukikombeleza ukoko. Mwili wako unatengeneza maziwa kutokana na unachokula, na usipokula unajichota wenyewe. Kwenye makaroni haya huhitaji kuomba wala kusubiri kibaki. Chota sahani yako pamoja na wengine, kaa chini, kula ya moto. Huo si ubinafsi.

SEHEMU YA 8, YA MWISHO

Baba, najua na wewe unasoma, umetumiwa na mkeo.

Hakuna anayekunyang'anya heshima. Unafanya kazi, unaleta kuku nyumbani, Mungu akuzidishie. Lakini jiulize: unamleta kuku ili nani akue? Wewe umeshakua. Kipimo chako cha urefu kimefungwa zamani. Cha mtoto kiko wazi sasa hivi, na siku 1,000 za mwanzo, kuanzia mimba mpaka miaka 2, hazina marudio. Heshima ya baba haipimwi kwa paja. Siku baba mwenyewe akichota kijiko akamlisha mdogo wake kwanza, nyumba nzima inajifunza kitu ambacho mimi na mabango yangu ya kliniki hatuwezi kufundisha.

Bibi na mama mkwe, shikamooni. Nyinyi ndio wenye kauli jikoni, kwa hiyo nawaomba nyinyi kabla ya wakwe zenu. Mila ya kumpa mgeni na mkubwa kipande kizuri ilikuwa mila ya ukarimu. Nayo ibaki. Lakini haikuwekwa ili mjukuu ale mchuzi. Ukisema wewe, mkwe wako hatanung'unikiwa.

Na kwa wenzangu wa afya: tuache kumfundisha mama peke yake "mlo kamili" kana kwamba yeye ndiye anayeamua nani apewe nini. Anasikiliza, anaitikia, anarudi nyumbani kwenye sufuria isiyo na kauli yake. Tuwaite na wanaogawa.

Kuku wa Jumapili hii usimkate vipande. Mchemshe, mchambue, mchanganye. Vitunguu vipe muda wake. Na siku ya kliniki mlete mtoto na kadi yake. Kama yuko kati ya miezi 6 na miaka 5, omba pia apimwe mkono kwa ule utepe wa rangi: sentimita 12.5 kwenda juu ni kijani, chini ya hapo ni njano, chini ya 11.5 ni nyekundu na usirudi naye nyumbani bila kuonana na mhudumu.

Mtumie mama mwenzako. Mtumie na baba.

Nesi wenu.